Saa ya maji, saa ya rangi: Likizo ya watoto Ziwa Nyasa

Mwezi Oktoba, binti wa miaka 11 wa Mbinga mjini alianza kufua nguo zake za ndani mwenyewe, alfajiri, kabla mama yake hajaamka. Mama alifurahi. Aliona mtoto anakua na anajifunza usafi. Baadaye akagundua kwamba binti huyo pia ameacha kunywa maji akiwa shuleni, na akienda chooni anakaa muda mrefu.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa barazani. Mama anachambua maharage, binti anachora. Bila kuinua kichwa kwenye karatasi, mtoto akasema: "Mama, mkojo wangu unatoka damu mwishoni. Usimwambie baba."

Familia hii ni ya mfano tu, lakini kilichoipata ni cha kweli, na kinaweza kuipata familia yoyote inayopeleka watoto kuoga ziwani.

Mawazo yaliyompitia mama yule yanaeleweka. Kwanza alifikiri ni hedhi, kwa kuwa umri wa binti unakaribia. Kisha likaja wazo linalomkosesha mzazi usingizi: kuna mtu amemgusa mtoto huyu? Wazo la tatu halikumjia kabisa. Hakukumbuka kwamba mwezi Juni familia nzima ilikaa wiki moja Mbamba Bay, na kwamba watoto walishinda majini kila siku kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana.

Kwa bahati nzuri, kabla ya kuuliza lolote, alisema neno ambalo kila mzazi angependa kulikumbuka siku hiyo ikimfika: "Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Huna kosa lolote."

Ziwa ni jirani

Kwa wakazi wa Mbinga, likizo ya ziwani si anasa ya watalii. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilometa zipatazo 66. Wilaya ya Nyasa yenyewe ilikuwa sehemu ya Mbinga kabla ya kugawanywa mwaka 2012, na familia nyingi za pande hizi mbili zina undugu: shangazi yuko Liuli, babu yuko Lituhi, mama mdogo anauza dagaa Mbamba Bay.

Ndani ya safari fupi, watoto hutoka kwenye baridi ya milima ya Umatengo, ambako baadhi ya vijiji viko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kushuka hadi kwenye joto la ziwa lililo chini ya mita 500. Sweta huvuliwa njiani. Wakiona maji tu, hakuna anayewashika.

Na mzazi anapoyatazama maji hayo, hofu yake huenda kwa mamba na kuzama. Ni hofu za haki. Lakini kuna la tatu lisiloonekana, lisilopiga kelele, na linalojitokeza miezi kadhaa baada ya mabegi kufunguliwa nyumbani. Ni kichocho.

Mchanga mweupe si cheti

Kichocho husababishwa na minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua akiwa Cairo, Misri, mwaka 1851, na ndiyo maana kwa lugha za kigeni ugonjwa huu huitwa kwa jina lake. Aina inayoshambulia kibofu ndiyo inayoleta damu kwenye mkojo.

Safari ya mnyoo huyu ni ya mzunguko. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na vimelea huingia ndani ya konokono wa majini. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo hutoa vimelea vingine vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini. Havihitaji kidonda, na haisaidii kufunga mdomo ili usimeze maji. Ngozi nzima ya mtoto ni mlango.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa fukwe za wazi za Ziwa Nyasa hazina kichocho. Watu walidhani konokono wake wanakaa kwenye vidimbwi na matete tu. Imani hiyo ilivunjika miaka ya 1990 upande wa Malawi, baada ya wageni waliooga eneo la Cape Maclear kuugua, baadhi yao wakiwa na madhara kwenye mfumo wa fahamu. Watafiti walipopima damu za wageni na wakazi wa kigeni waliokuwa wamefika ziwani, takriban theluthi moja walikuwa na dalili za kuambukizwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996.

Baadaye ilithibitishwa kuwa katika ziwa hili yupo konokono anayeishi kwenye mchanga wa fukwe za wazi, tena anabeba kichocho. Watafiti walihusisha ongezeko lake na uvuvi wa kupindukia karibu na ufukwe, ambao umepunguza samaki wanaokula konokono. Samaki wakipungua, konokono huongezeka, na mtoto anayechezea mchanga ndiye anayelipa.

Kwa hiyo, maji maangavu na mchanga mweupe si cheti cha usalama. Tanzania hutajwa kuwa nchi ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Mzazi anayekwenda ziwani afanye hesabu zake akijua hivyo.

Saa ina maana

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Vimelea vya kichocho havitoki kwenye konokono kwa kiwango kilekile mchana kutwa. Huchochewa na mwanga na joto. Vile vya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, takriban kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana.

Ndizo saa hasa ambazo watoto wa likizo huwa majini. Asubuhi maji ni ya baridi, wanasubiri yapate joto. Jioni wamechoka. Hivyo wanaingia ziwani wakati ambao vimelea navyo vimetoka.

Hii haina maana kwamba saa nyingine ni salama kabisa. Katika maji yenye kichocho, hakuna saa isiyo na hatari. Lakini mzazi ambaye hawezi kuwakataza watoto maji kwa wiki nzima, na wengi hawawezi, anaweza kupunguza hatari kwa kupanga muda: kuogelea kuwe asubuhi mapema, kuwe kwa muda mfupi, mbali na matete na majani ya majini, na mbali na mahali ambapo watu wanafulia, wanaogea na kukojoa.

Kujifuta haraka kwa taulo mara tu baada ya kutoka kunaweza kusaidia kidogo, lakini kusitegemewe kama kinga. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yakiachwa kwenye ndoo safi iliyofunikwa kwa siku mbili, vimelea hivyo hufa, kwa sababu haviwezi kuishi muda mrefu bila kupata mwili wa kuingia. Ya kunywa bado yachemshwe.

Swali linalobaki ni la kila mzazi: watoto watatu, jua la saa tano, ziwa liko mbele yao. Watafanya nini?

Hapo ndipo rangi zinapoingia

Watoto wanaopenda kuchora wana bahati, na wazazi wao wana bahati zaidi. Mkeka chini ya mwembe, karatasi chache, rangi, na saa nne za hatari zinapita bila ugomvi. Kuna mitumbwi ya kuchora, kuna nyavu zilizoanikwa, kuna dagaa juani na Jiwe la Pomonda kwa wanaofika Liuli. Ziwa linachorwa likiwa mbele ya macho, na hakuna anayelowa.

Mkoa wa Ruvuma una sababu yake ya kupenda rangi. Edward Said Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Wanyama wake wenye madoa na macho makubwa bado wanachorwa hadi leo, na watoto huwaiga kwa urahisi.

Watoto waige wanyama wake, lakini wasiige rangi zake. Rangi za mafuta zinazong'aa, zile za milango, vyuma na baiskeli, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huathiri ubongo unaokua, uwezo wa kujifunza na tabia. Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 kwa kila sehemu milioni, lakini mzazi dukani hana namna ya kupima. Njia rahisi ni kuwanunulia watoto rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya shule, na kuacha makopo ya rangi ya mlango kwa fundi.

Rangi za mafuta zina hatari nyingine: tina na mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Nyumba nyingi huviweka kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Akinywa, asitapishwe na asinyweshwe maziwa kwa nguvu, kwa kuwa akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Kahawa ya Mbinga kwenye karatasi

Kwa familia isiyo na fedha za rangi, au iliyozisahau nyumbani, rangi ziko jikoni.

Mbinga ni nchi ya kahawa. Kijiko kimoja cha kahawa iliyosagwa, kikichemshwa kwenye maji kidogo hadi yakawa mazito na kuchujwa, hutoa rangi nzuri ya hudhurungi. Ikiongezwa maji inakuwa nyepesi, inafaa kwa mchanga na anga la jioni. Ikipakwa mara ya pili na ya tatu inakoza, inafaa kwa mawe na mitumbwi. Mtoto anajifunza mwanga na kivuli kwa rangi moja tu.

Binzari hutoa manjano. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Udongo mwekundu wa Mbinga, ukichekechwa vizuri, hutoa rangi ya matofali. Mkaa na udongo hushika karatasi vizuri vikichanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, na muhogo haukosekani ufukweni. Kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa na nyuzi ni brashi tosha.

Tahadhari moja ndogo inahitajika. Mchoraji anahitaji maji ya kusuuzia brashi, na mtoto anayechora kando ya ziwa atakimbia na kikombe kuchota, kila baada ya dakika kumi, miguu ikizama hadi magotini. Dakika mojamoja hizo hujumlishika, tena ni katika saa mbaya kuliko zote. Ndoo ya maji iwekwe karibu na mkeka kabla ya kuanza.

Kuna faida nyingine ya kuchora ambayo haihusiani na konokono. Mtoto akikalishwa mbele ya mzazi na kuulizwa "Una nini?", hujibu "Sina kitu." Lakini mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwenye karatasi, maneno hutoka yenyewe. Binti wa mfano wetu hakuitwa chumbani kuhojiwa. Alisema akiwa anapaka rangi, mama yake akiwa amekaa tu karibu naye na kazi yake mkononi.

Na mbwa je?

Familia nyingi za Mbinga zina mbwa wa ulinzi ambaye watoto wamemgeuza rafiki. Likizo ikifika, swali ni aende au abaki.

Akibaki, asiachwe kujitafutia. Mbwa mwenye njaa huvunja ua, huzurura na kupigana na mbwa asiowajua, na hapo ndipo anapoweza kupata kichaa cha mbwa. Jirani aachiwe unga na maagizo, na mbwa awe amechanjwa.

Akienda, chanjo ni ya lazima zaidi, kwa kuwa ufukweni atakutana na mbwa wengine wanaofuata harufu ya samaki. Mbwa huanza kuchanjwa kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kwa mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa, ni vizuri achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari ili kinga ipate kujengeka. Kadi yake isafiri pamoja naye. Ofisi ya mifugo ya wilaya inaweza kueleza lini na wapi chanjo inatolewa. Kampeni nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Hili si jambo la mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kisipakwe pilipili, majivu wala dawa ya kienyeji. Kisha safari ya kituo cha afya iwe siku hiyohiyo, isisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kwa kuwa chanjo ya binadamu haipatikani kila kituo, mzazi makini huuliza mapema, kabla hata ya kuondoka nyumbani, ni hospitali ipi ya karibu na ufukwe inayo chanjo hiyo.

Mambo mengine kuhusu mbwa ni mepesi. Mbwa aliyezoea baridi ya mlimani huzidiwa na joto la ziwani. Apate kivuli na maji, na asifungiwe kamwe ndani ya gari. Asiruhusiwe kukimbia ukingoni jioni, kwa kuwa mamba humchukua mbwa kirahisi, na mtoto anayemfuata mbwa wake hafikirii mamba. Kinyesi chake kifukiwe mbali na mahali watoto wanapocheza, kwa sababu kina minyoo ambayo huweza kuingia kwenye ngozi ya mtu aliyekaa au kutembea peku mchangani. Mkeka wa kuchorea husaidia hata hapo.

Na mtoto akiomba kurudi nyumbani na samaki hai wa rangi kwenye ndoo, jibu ni hapana. Mbuna, wale samaki wadogo wa bluu na manjano wanaoishi kwenye miamba, wanafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani, lakini kwa mitambo ya hewa na maji yaliyopimwa. Kwenye ndoo ya plastiki hawafiki Mbinga. Wachorwe, ndivyo watakavyofika.

Zile hofu mbili za kwanza

Mamba na kuzama havijasahauliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo huzama kimya, bila kupiga kelele. Mtu mzima mmoja, mwenye jina lililotajwa, awe ndiye mlinzi wa zamu: hana simu mkononi, hana pombe, na watoto wadogo wako umbali wa mkono wake. "Tuko wengi hapa" ndiyo sentensi ya hatari, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Likizo ya Juni ina jambo lake. Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki unaolichafua ziwa kwa mawimbi. Wavuvi wakivuta mitumbwi juu, watoto wasiingie. Kuhusu mamba, waulizwe wenyeji, siyo mtandao. Wanajua ni kona ipi na midomo ipi ya mito ya kuepuka.

Na usiku, chandarua. Familia iliyozoea kulala bila mbu mlimani inashuka kwenye ukanda wa malaria. Homa yoyote wakati wa likizo au wiki chache baada ya kurudi ipimwe malaria kwanza.

Kazi inayobaki baada ya kurudi

Kosa kubwa si kuoga ziwani. Ni kusahau kwamba mlioga.

Mtoto aliyeambukizwa kichocho anaweza kuwashwa ngozi siku ileile, au kupata homa na kikohozi wiki kadhaa baadaye, au asione chochote. Damu kwenye mkojo huja baada ya miezi. Kufikia hapo, likizo imeshakuwa picha kwenye simu.

Kwa hiyo, siku ya mwisho ya kuoga iandikwe kwenye kalenda, kisha zihesabiwe wiki 12. Hapo ndipo watoto wote walioingia majini, na wazazi wao, wapime. Kupima mapema mno kunaweza kuficha ugonjwa, kwa kuwa minyoo haijaanza kutaga mayai. Kumeza dawa siku ya kurudi pia hakutoshi: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huiponyoka. Anayemeza mapema akadhani amemaliza, hajamaliza.

Mkojo wa kupima ni bora ukichukuliwa kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 8:00 mchana, kwa kuwa ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, na mtoto akiruka kamba au kukimbia kidogo kabla ya kukojoa, ni vizuri zaidi. Mpimaji aambiwe wazi: "Tulioga Ziwa Nyasa." Bila maneno hayo, mtoto wa mlimani anaweza kutibiwa U.T.I. mara tatu bila kupona.

Dawa hutolewa kulingana na uzito au urefu wa mtoto, na ni vizuri ale kwanza. Shuleni, katika maeneo yenye ugonjwa, watoto hugawiwa dawa hii kupitia mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwa wadogo chini ya umri wa shule, dawa maalumu ya watoto ilipata maoni chanya ya mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023; lakini mzazi asisubiri hiyo, ampeleke mtoto kwa mtaalamu apangiwe kipimo.

Kwa wasichana, kuchelewa kuna gharama zaidi. Mayai ya kichocho yanaweza kujijenga kwenye njia ya uzazi, yakaleta maumivu, kutokwa damu, hata ugumba, na kuongeza uwezekano wa kuambukizwa Virusi vya Ukimwi. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Kusini mwa Jangwa la Sahara wanaishi na tatizo hili. Wengi wameshutumiwa kuwa na magonjwa ya zinaa kwa sababu tu walichota maji au kufua nguo.

Ndiyo maana mzazi asiruke kwenye shutuma. Kama kuna shaka ya ukatili, nayo isifichwe; mtoto aulizwe kwa upole, peke yake, na mtoa huduma wa afya ahusishwe. Lakini swali la kwanza liwe jepesi: umeoga wapi, na lini?

Mwisho, mgeni ana deni kwa wenyeji. Watoto wa ufukweni hawachagui saa ya maji. Wanachota, wanafua na kuosha vyombo ziwani kila siku, jua likiwa kali. Mgeni anayewafundisha watoto wake kukojoa chooni, si majini, anawalinda watoto wa mama mdogo wake waliobaki pale.

Binti wa mfano wetu alipimwa saa tano asubuhi, na mayai yakaonekana kwenye darubini. Mdogo wake wa kiume, ambaye hakuwa na dalili yoyote, alipimwa pia na kukutwa nayo. Wote walipewa dawa. Baba aliambiwa, kwa ruhusa ya binti, na alichouliza tu ni kama dawa ina uchungu.

Desemba wanashuka tena Mbamba Bay. Mbwa amechanjwa. Mlangoni kuna karatasi iliyochorwa kwa kahawa, yenye saa mbili kubwa: moja ya asubuhi mapema, imeandikwa "maji", nyingine ya mchana, imeandikwa "rangi". Na kwenye kalenda ya jikoni ya mwaka mpya, mwezi Machi, mama ameshazungushia tarehe ya kupima.